Ukumbi wa Hesabu: Wateja 140, nambari moja ya simu

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza vitambaa vya mapazia Eastleigh, ghorofa ya pili. Mwaka huu kijana mmoja alinitengenezea programu ya kuweka majina ya wateja na nambari zao za simu ili niache kubeba daftari. Juzi mzigo mpya umefika, nikataka kuwatumia ujumbe. Kufungua kompyuta, wateja 140 wote wana nambari moja: 2147483647. Nimeipiga, naambiwa haipo. Jirani yangu wa duka anasema hiyo ni nambari ya kishetani, nisiiandike popote. Kijana naye hashiki simu. Hii nambari ni ya nani?* (Mama Mapazia, Eastleigh)

Marahaba, mama. Nambari hiyo si ya mtu, na shetani hana habari nayo. Kabla sijaeleza, hebu nibahatishe jambo. Wale wateja wengine, ambao simu zao hazikuharibika, si zote zimepoteza sifuri ya mbele? Aliyekuwa 07 sasa anaanza na 7, aliyekuwa 01 anaanza na 1. Na wale 140 ni wale uliowaandika kwa kuanza na 254. Kama nimekosea, nitakuja huko ghorofa ya pili ninunue pazia bila kupunguziwa bei.

Kilichotokea ni hiki. Kijana wako alipotengeneza safu ya simu, aliiambia kompyuta kwamba humo mtawekwa nambari za kuhesabia, kama vile idadi ya magunia. Kompyuta ikatenga kwa kila mteja swichi 32. Swichi moja ni ya kuonyesha kama nambari ni hasi au la. Zinabaki 31. Swichi ya kwanza ikiwaka ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila moja mara mbili ya iliyoitangulia. Ukiziwasha zote 31 unapata 2,147,483,647, na hapo hakuna swichi nyingine ya kuwasha. Simu ya 712 na kitu ni milioni mia saba na ushee, inaenea vizuri. Lakini ukianza na 254 una tarakimu kumi na mbili, yaani zaidi ya bilioni 254. Programu nyingine ingekataa na kukupigia kelele. Yako ilinyamaza, ikaandika kubwa kuliko zote inayoenea. Ni kama mtu anayejaza maji ya pipa kwenye debe: debe likijaa, limejaa, na ukilitazama huwezi kujua kama aliyemimina alikuwa na pipa au tangi.

Kwa hiyo, mama, zile 140 hazitarudi kutoka kwenye safu ile. Rudi kwenye daftari, na naomba Mungu uwe hukuwashia jiko kwa karatasi zake. Kijana akishika simu, mwambie safu ya simu aifanye ya maandishi. Nambari ya simu si nambari hata kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kujumlisha simu ya shangazi na ya fundi wa mabomba apate jibu la maana. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na sifuri yake ya mbele ni sehemu ya jina.

Hujafikwa na haya peke yako. Mwezi wa Desemba 2014 watu wa YouTube walitangaza kwamba wimbo mmoja wa Korea ulikuwa umetazamwa mara nyingi kiasi cha kulemea kihesabio chao, na kikomo chao kilikuwa hii hii 2,147,483,647. Wakaongeza swichi zikawa 64.

Kuhusu ukubwa wake, nikupe kipimo cha kwetu. Chukua mwezi wa Januari, ule tunaouita Njaanuari. Tarehe 1 nikupe shilingi 1, tarehe 2 shilingi 2, tarehe 3 shilingi 4, tarehe 4 shilingi 8, niendelee hivyo bila kuruka siku. Wiki ya kwanza ikiisha una shilingi 127, hata mfuko wa unga ni shida. Tarehe 31 peke yake nitakuletea 1,073,741,824, na jumla ya mwezi mzima itakuwa ile ile nambari ya wateja wako, shilingi kwa shilingi. Kila siku kiasi kinazidi jumla ya siku zote zilizopita kwa shilingi moja kamili. Ndiyo sababu jumla huwa daima pungufu ya 1 kufikia kiasi cha siku inayofuata: tarehe 1 Februari ningepaswa kukupa 2,147,483,648. Ningekuwa nimetoroka zamani.

Kwa maandishi ya hesabu hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Na ina sifa moja ambayo jirani yako angeijua, angeipenda: ni nambari tasa. Haigawanyiki kwa nambari yoyote bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. (Neno "tasa" mimi hulionea haya. Nambari zisizo tasa zote, kuanzia 4, huzaliwa kwa kuzidisha tasa na tasa. Aliyezipa jina hilo mama wa nambari zote hakuwatazama watoto.) Jinsi tunavyojua ni tasa ni hadithi ndefu, na kwa bahati nina barua mbili zaidi mezani zinazogusa hapo hapo.

*Mwalimu, niaje. Kuna jamaa stejini amenikula soo mbili. Aliniambia niandike nambari yoyote ya tarakimu tatu kisha niirudie papo hapo. Nikaandika 254254. Akasema igawanye kwa 7, jibu ligawe kwa 11, jibu ligawe kwa 13, utarudi kwa yako. Ikawa hivyo hivyo. Aliniibia wapi?* (Mtu wa boda, Kasarani)

Hakukuibia, kijana, alikuuzia somo. Kuandika 254 mara mbili ni kuchukua 254 elfu ukaongeza 254, ndiyo kusema 254 mara 1,001. Na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Alipokugawisha kwa zote tatu alikuwa anaondoa 1,001 aliyokuongezea kisiri: 36,322, kisha 3,302, kisha 254. Itatokea kwa nambari yoyote. Kesho mtafute wa stendi nyingine, urudishe soo mbili zako.

Ila usiitupe hiyo 1,001 baada ya kula pesa. Inapima nambari kubwa haraka. Igawe nambari katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana. Nambari ya Mama Mapazia: 647 toa 483, jumlisha 147, toa 2. Jibu ni 309. Sasa pima 309 tu: kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 10. Basi hata ile kubwa haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13, na mabaki yake ni hayo hayo. Ukijumlisha tarakimu zake unapata 46, kwa hivyo 3 nayo imekosa. Vigawo sita vimeshindwa, ukihesabu na 2 na 5 ambazo mtu huziona kwa tarakimu ya mwisho, na chai haijapoa.

*Kwako Mwalimu, natumai u buheri wa afya. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Buruburu. Tuliambiwa darasani kwamba ukiipa 2 kipeo ambacho ni nambari tasa, kisha utoe 1, unapata nambari tasa. Nimejaribu vipeo 2, 3, 5 na 7 nikapata 3, 7, 31 na 127, na zote ni tasa. Je, ni kweli siku zote? Na mtu hujuaje kwamba nambari kubwa ni tasa bila kugawanya hadi azeeke?* (Msichana wa Hesabu)

Mimi ni buheri wa afya isipokuwa goti. Swali lako limenirudisha mwaka 1987, shule moja upande wa Makadara, ambapo niliandika ubaoni sentensi hiyo hiyo uliyoandikiwa wewe, nikaipigia mstari chini. Kijana wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno, akanyanyua mkono: "Mwalimu, 23 mara 89 ni ngapi?" Nikapiga hesabu: 2,047. Na 2,047 ni 2 kwa kipeo cha 11, toa 1. Kipeo 11 ni tasa, nambari si tasa. Nilifuta mstari, kisha sentensi, kisha kwa aibu nikafuta ubao wote pamoja na kazi ya kiswahili ya somo lililopita.

Kwa hiyo nusu ya sentensi ni kweli. Kipeo kisipokuwa tasa, nambari haiwezi kuwa tasa. Kikiwa tasa, huenda. Wewe ulisimama kwenye 7, na mtego umekaa 11.

Walioanguka humo ni wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa aitwaye Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo vinavyozaa nambari tasa, mpaka 257. Nambari za aina hii tunaziita kwa jina lake hadi leo, ingawa orodha yenyewe ilikuwa na makosa: aliingiza 67 na 257 ambazo hazistahili, akasahau 61, 89 na 107. Hiyo ya 67 ilivumiliwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa mwingine, alithibitisha kwamba ina vigawo, lakini hakuweza kuvitaja. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahesabu wenzake mjini New York, na husimuliwa kwamba hakufungua kinywa. Aliandika upande mmoja wa ubao 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 na 761,838,257,287. Majibu yakalingana: 147,573,952,589,676,412,927. Akaketi. Mimi nimekaa mbele ya ubao miaka mingi na sijawahi kutoa somo zuri hivyo, wala fupi hivyo.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo tamu. Chukua 2,147,483,647 ya Mama Mapazia. Mersenne aliiweka katika orodha yake, na safari hii alikuwa sahihi, lakini kusema si kuthibitisha. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi Saint Petersburg. Mwaka 1772 alikuwa na umri wa miaka 65 na macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa. Angegawanya kwa kila nambari tasa mpaka kwenye kipeuo cha pili cha ile nambari, ambacho ni 46,340 na kitu, angekuwa na migawanyo zaidi ya 4,700. Hakufanya hivyo. Kwanza alijiuliza: kama kigawo kipo, kitakuwa na sura gani?

Fikiria matatu inayozunguka. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila kituo, na kila mara ugawe kwa nambari tasa uliyochagua ukabaki na baki tu. Chagua 7: unapata 1, 2, 4, kisha 1 tena. Umerudi stendi baada ya vituo 3. Chagua 23: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 1. Umerudi baada ya vituo 11. Pierre de Fermat, mwanahesabu Mfaransa, mwaka 1640 alikuwa ameshaona kwamba ukichagua nambari tasa yoyote zaidi ya 2, baada ya vituo pungufu ya 1 kuliko nambari hiyo lazima uwe stendi. Kwa 7 ni vituo 6, yaani mizunguko 2 ya vituo 3. Kwa 23 ni vituo 22, mizunguko 2 ya vituo 11.

Haya. Tuseme kuna nambari tasa inayogawanya 2,147,483,647 bila baki. Maana yake kwa nambari hiyo matatu iko stendi kwenye kituo cha 31. Mzunguko wake basi lazima uenee ndani ya 31 bila kubakisha, na 31 ni tasa, kwa hiyo mzunguko ni wa vituo 31 au wa kituo 1. Wa kituo 1 hauwezekani, kwa kuwa kituo cha kwanza baki ni 2. Umebaki wa 31. Fermat anasema ukitoa 1 kwenye kigawo hicho, kinachobaki ni mizunguko mizima ya 31. Na kwa kuwa kigawo ni witiri, ukitoa 1 unapata shufwa, basi kinagawanyika kwa 62. Kigawo lazima kiwe 62 mara kitu, ongeza 1. Jaribu kanuni hii kwa 2,047 ambayo kipeo chake ni 11: inadai 22 mara kitu, ongeza 1. Tazama 23 na 89 za yule kijana wa dawati la nyuma. Zimo!

Kuna chujio la pili, kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7; sababu yake itakungoja chuo kikuu. Ukiweka machujio mawili pamoja, kati ya nambari zote mpaka 46,340 zinapita 373 tu, na nyingi kati yake zenyewe si tasa, kwa hiyo unazitupa. Ya kwanza kabisa inayofaa kujaribiwa ni 311. Nyingine haipo mpaka 1,303.

Jumapili stima ilipotea mtaani kwetu Jericho kuanzia saa tisa, nikakaa na mshumaa nikajaribu hizo mbili kwa kalamu. Kwa 311 nilibaki na 35. Kwa 1,303 nilibaki na 226. Mke wangu akaniuliza kama Mswisi huyo hakuwa na kazi nyingine. Nikamwambia alikuwa na kazi nyingi kuliko mtu yeyote wa zama zake, na hii aliitaja ndani ya barua. Zilizosalia sikuzimaliza. Euler alizimaliza, na kila mara palikuwa na baki.

Kwa karibu karne moja hiyo ndiyo iliyokuwa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliitazama pamoja na mwenzake, yaani nambari kamilifu inayotokana nayo: 2,305,843,008,139,952,128. Kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, yenyewe ikiachwa nje, vikijumlishwa vinarudisha yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3. Barlow akaandika kwamba hiyo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa sababu nambari hizi ni za kustaajabisha tu, hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Watu wakajisumbua. Oktoba 2024 ilitangazwa 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, iliyogunduliwa na Mmarekani Luke Durant katika mradi wa watu wa kujitolea wanaounganisha kompyuta zao. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiiandika kwa mkono, tarakimu moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya mwaka mmoja na zaidi ya miezi mitatu.

Jambo moja la ziada ulifanyie kazi mwenyewe. Kile kikomo kipya cha swichi 64, moja ikiwa ya alama, ni 2 kwa kipeo cha 63, toa 1. Nasema si tasa, na nasema 7 inaigawanya. Matatu ya 7 ina mzunguko wa vituo vingapi? Nitumie jibu, na usiniandikie tena "buheri wa afya", wanafunzi wote wa Kenya huanza insha hivyo.

*Mwalimu, mimi ni soja wa usiku kwenye jengo moja Upper Hill. Nimesoma kwa simu kwamba mwaka 2038 kompyuta zote zitakufa kwa pamoja. Ni ukweli ama ni porojo?* (Soja wa Usiku)

Kuna ukweli ndani ya porojo, ndugu yangu, na chanzo chake ni nambari ya Mama Mapazia. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ambayo Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Zile za zamani ziliweka hesabu hiyo kwenye swichi 31 na moja ya alama. Sekunde ya 2,147,483,647 itakapopita, swichi zote zitazima na ya alama itawaka, na mashine itaamini ni Desemba 1901, mwezi ambao reli ilikuwa ndiyo kwanza inafika Kisumu. Kompyuta na simu za sasa nyingi zimeshahamia swichi 64, kwa hiyo hazitashtuka. Za kuangaliwa ni zile zilizofichwa ndani ya mitambo ya zamani, kama lango la umeme au lifti ambayo hakuna aliyeifungua tangu ifungwe.

Itakuwa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa za Nairobi. Zamu yako si huisha saa kumi na mbili kamili? Mwachie wa mchana hilo lango.